"Kaa Sawa!" Si Mafundisho

Katika viwanja vya kufundishia upandaji wa farasi huko Ulaya, amri inayosikika mara nyingi kuliko zote ni fupi: "Kaa sawa!" Mwanafunzi yu juu ya mnyama mwenye uzito wa nusu tani, mikono imeshika hatamu, miguu imo katika rikabu, yaani vile vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko. Anajitahidi kukaa sawa, wala hajui ni kiungo gani cha mwili wake kilichopinda. Baada ya mizunguko miwili amri inarudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Hoja ya makala haya ni kwamba amri ya namna hiyo, hata ikitolewa mara mia kwa nia njema, si mafundisho. Na kwamba mwanafunzi anayo haki, na wajibu pia, wa kudai maelezo yaliyo wazi juu ya kosa lake.

Huenda msomaji akauliza farasi anatuhusu nini. Swali hilo ni la haki. Katika Afrika Mashariki farasi hawakupata kuenea kama walivyoenea Ulaya, Uarabuni au Ethiopia, na sababu kubwa ni maradhi: nagana inayoletwa na mbung'o, na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaoenezwa na usubi. Wengi wetu tumewaona wachache wa polisi, au wale wa mashindano ya Ngong, Nairobi, basi. Huko Lamu punda ndiye mwenye mji, na vijana hushindana mbio za punda wakati wa sherehe za Maulidi. Wao hujifunza bila mwalimu wala uwanja, na punda mwenyewe ndiye anayewasahihisha, aghalabu kwa kuwabwaga. Lakini nimeuchagua mfano wa farasi kwa makusudi. Mpanda farasi hupokea habari kutoka pande tatu kwa wakati mmoja, yaani kwa mwili wake, kwa mnyama na kwa mwalimu, na kila upande waweza kumdanganya. Hakuna darasa linaloonyesha kwa uwazi zaidi kazi ngumu iliyomo katika kumwambia mtu mwingine, "Hapa umekosea, na hivi ndivyo utakavyorekebisha."

Wanasayansi wa mitambo wanalifahamu jambo hili tangu zamani, nao hulipa jina la mrejesho. Mwaka 1788 James Watt alianza kuifungia injini yake ya mvuke kifaa chenye mipira miwili inayozunguka. Injini ikienda kasi kupita kiasi, mipira huinuka na kuubana mlango wa mvuke. Ikienda polepole, mipira hushuka na mlango hufunguka. Mwaka 1868 James Clerk Maxwell aliandika hesabu za vifaa vya aina hiyo na kuonyesha ni wakati gani vinatuliza mtambo na ni wakati gani vinaufanya uyumbe zaidi. Yafaa tuzingatie kile ambacho kifaa cha Watt hukifanya. Hakiiambii injini "zunguka vizuri." Kinaiambia ni upande gani imekosea, kwa kiasi gani, na kinaiambia papo hapo. Mambo hayo matatu, yaani upande, kiasi na wakati, ndiyo tunayoyakosa katika "Kaa sawa!"

Sasa tuangalie kwa nini mpanda farasi hawezi kujisahihisha peke yake. Mwili wa binadamu huzoea kasoro zake. Mtu aliyezoea kulalia upande wa kushoto huhisi kwamba amenyooka. Siku mwalimu atakapomnyoosha kwa kweli, atahisi kama anaanguka kulia, naye atarudi kwenye upogo wake bila kujua. Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoufahamu haukutoka kwa mpanda farasi, bali kwa farasi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin, Wilhelm von Osten alikuwa na farasi aitwaye Hans, ambaye watu waliamini kwamba anajua hesabu: akiulizwa jumla ya namba mbili, aligonga ardhi kwa kwato mpaka kufikia jibu, kisha akaacha. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alichapisha uchunguzi wake juu ya Hans. Farasi hakujua hesabu hata chembe. Alikuwa akimtazama muulizaji, na muulizaji, idadi sahihi ilipofikiwa, alitikisa kichwa kidogo mno bila kukusudia wala kujitambua. Pfungst mwenyewe, hata baada ya kuigundua siri hiyo, aliona ni vigumu kujizuia asitoe ishara zile.

Katika kisa hiki kuna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba miili yetu hufanya mambo ambayo sisi wenyewe hatuyajui, na ni jicho la nje tu linaloweza kutuambia. La pili ni kwamba farasi huyajua. Kinachoonekana kwa mwalimu kuwa ni ukaidi wa mnyama, kwamba anakataa kugeuka kulia, mara nyingi ni jibu lake la kweli kwa nyonga ya mpandaji iliyokaza upande mmoja. Mwanafunzi mwangalifu atajifunza kumsikiliza farasi kabla ya kumlaumu.

Hata hivyo, jicho la nje nalo lina mpaka wake. Kwa karne nyingi wachoraji na wafugaji walibishana kama farasi akienda shoti huwa ameinua kwato zote nne kwa pamoja. Hapakuwa na wa kuamua, kwa kuwa jicho halioni upesi kiasi hicho. Mwezi Juni 1878, huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga mfululizo wa kamera kando ya njia, na picha zilizotoka zilimaliza ubishi: upo wakati ambapo kwato zote ziko hewani. Tena zilionyesha kwamba wakati huo miguu imekunjwa chini ya tumbo, si imetandazwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyozoea kuichora. Kwa hiyo mwalimu mwenye uzoefu wa miaka 30 aweza kuona kosa ambalo halipo, au kulikosa lililopo, naye hapungukiwi heshima kwa sababu hiyo. Leo simu ya mkononi iliyoegeshwa juu ya uzio yaweza kufanya kazi ya kamera za Muybridge. Nashangaa kwamba ni wanafunzi wachache mno wanaoomba kurekodiwa.

Tuje kwenye majaribio. Mwaka 1932 Trowbridge na Cason walichapisha matokeo ya jaribio rahisi ambalo, kwa maoni yangu, kila mwalimu angepaswa kulijua. Watu waliofungwa macho walitakiwa kuchora mstari wa inchi 3, tena na tena, mara 100. Kundi moja halikuambiwa lolote. Kundi la pili lilisomewa silabi zisizo na maana kila baada ya mstari. Kundi la tatu liliambiwa "sahihi" au "si sahihi." Kundi la nne liliambiwa kiasi cha kosa kwa vipande vya moja ya nane ya inchi, yaani takriban milimita 3, na kama mstari umezidi au umepungua. Kundi la nne liliendelea vizuri kuliko yote, na la tatu likafuata kwa mbali. Yale mawili ya kwanza hayakupata faida yoyote. Mimi huwaza kwamba "Kaa sawa!" inastahili kuwekwa pamoja na silabi zisizo na maana, kwa kuwa mwanafunzi huisikia, hushtuka, na habari anayoipata ni sifuri.

Mtu aweza kudhani basi kwamba dawa ni kusema zaidi. La hasha. Hapa panahitajika hesabu kidogo. Farasi akienda ule mwendo wa kati, ambao kwetu ungefaa kuitwa mchakamchaka, miguu yake hupiga ardhi miwili miwili kwa mshazari: wa mbele kushoto pamoja na wa nyuma kulia, kisha wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto. Tukichukua hatua kamili 80 kwa dakika, kila hatua huchukua sekunde 0.75, na ndani yake mna mapigo mawili. Sasa mwalimu aseme: "Mkono wako wa kushoto umepanda juu kuliko wa kulia." Maneno hayo huchukua kama sekunde 3. Katika muda huo farasi amekwisha kupiga hatua kamili nne, na kwa kasi ya mita 3.5 kwa sekunde amesafiri mita 10.5, zaidi ya nusu ya upana wa uwanja wa kawaida wa mita 20. Mkono ulioambiwa kwamba umepanda huenda umekwisha kushuka zamani, na mwanafunzi mtiifu anaushusha tena, mara hii kupita kiasi. Maxwell angelitambua jambo hili mara moja: mrejesho unaochelewa huuyumbisha mtambo.

Njia ya kutoka katika tatizo hili ni kuyapeleka maelezo marefu mahali pake, nayo ni pale farasi aliposimama. Hapo mwalimu na mwanafunzi wakubaliane juu ya jambo moja, na neno moja la kulitaja. Wakikubaliana kwamba leo ni mkono wa kushoto tu, basi wakati wa mwendo neno "mkono" litatosha. Hutamkwa kwa nusu sekunde na kufika kwa wakati.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu Ujerumani, nilijiunga kwa muda na mafunzo ya farasi yaliyotolewa kwa wanafunzi wa vyuo, nikapata kuwalinganisha walimu wawili. Wa kwanza alikuwa mpandaji hodari sana. Katika mzunguko mmoja aliweza kutaja visigino, mabega, kidevu, viwiko na magoti, na sisi tuliokuwa juu ya farasi tukabaki kukakamaa kama vinyago. Amri aliyoipenda ilikuwa "Visigino chini!" Msingi wake ni wa kweli, kwani kisigino kilichoshuka huzuia mguu kupenya ndani ya rikabu, na mguu ulionaswa humfanya mtu aliyeanguka akokotwe na farasi anayekimbia. Si jambo la mzaha. Lakini mtu akiusukuma mguu chini kwa nguvu, goti hukaza, mguu husogea mbele, na makalio huinuka kutoka kwenye tandiko. Ametii kwa herufi, na sasa yu karibu zaidi na kuanguka kuliko awali.

Mwalimu wa pili, mama wa makamo, alimsimamisha farasi, akaweka kiganja chake chini ya kisigino cha mwanafunzi, akasema: "Usinisukume. Acha uzito wa mguu uniangukie mkononi." Kisha akaonyesha kwamba sikio, bega, nyonga na kisigino vinapaswa kuwa katika mstari mmoja wa wima. Ilichukua dakika mbili, na hakulirudia jambo hilo kwa robo saa nzima.

Huko kutokulirudia kuna siri yake. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walipitia majaribio mengi ya kujifunza mienendo ya mwili, wakaonyesha kwamba maelezo yanayotolewa kila mara humwongoza mwanafunzi vizuri wakati yapo, lakini humfanya ayategemee. Yakiondolewa, ustadi nao huondoka. Mwaka 1990 Winstein na Schmidt waliona kwamba waliopewa maelezo katika nusu ya majaribio yao walikumbuka vema zaidi baadaye kuliko waliopewa katika kila jaribio. Mwalimu anayepiga kelele kila hatua hutengeneza mpandaji anayekaa vizuri siku za masomo tu, mwalimu akiwapo.

Yako pia maneno yanayofaa na yasiyofaa. Sally Swift wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1985, aliwafundisha wapandaji kwa taswira: jifikirie u mti, mizizi ikiteremka kwa miguu na shina likipanda juu. Msomi mkali aweza kucheka. Lakini mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake waliwafundisha watu kuyumba juu ya mtambo unaoiga kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa wafikirie magurudumu yaliyo chini ya miguu walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yenyewe. Ukubwa wa faida hiyo bado unabishaniwa, na mimi si miongoni mwa wanaoiona kuwa kanuni ya kila mahali. Hata hivyo, mtu aliyewahi kujaribu kutembea kwa kuifikiria kila misuli ya mguu wake atajua ninachokisema.

Wapo wanaopinga haya yote. Husema kwamba upandaji wa farasi ni hisia, kwamba hisia haielezeki, na kwamba mwanafunzi anyamaze apande mpaka mwili uelewe wenyewe. Hutoa mfano wa Shule ya Upandaji ya Kihispania mjini Vienna, inayotajwa katika maandishi tangu 1565, ambako mwanafunzi mpya hukaa muda mrefu juu ya farasi anayezungushwa kwa kamba ndefu, bila rikabu na bila hatamu. Mfano ni sahihi, ila hawausomi vizuri. Mwalimu anapoishika kamba, amemwondolea mwanafunzi kazi ya kumwongoza farasi, ili akili yote iwe huru kuuhisi mwili na kusikia neno moja linalosemwa. Kamba ile ni chombo cha kuufanya mrejesho uwe wazi. Ni wazi pia kwamba saa nyingi zinahitajika. Lakini saa nyingi za kurudia kosa hujenga kosa.

Jambo ninaloliona zito zaidi linamhusu mwanafunzi mwenyewe. Kwetu tumelelewa tusimhoji mwalimu. Anayesema "Sijaelewa" hujiona anavunja heshima, na walimu wengine, tukubali, humjibu kwa namna itakayomfanya asiseme tena. Uwanjani, mwanafunzi asiyeuliza aweza kuvunjika mkono. Tena kuuliza kwenyewe kunahitaji ufundi. "Mwalimu, nimefanyaje?" ni swali linaloomba sifa au lawama, na atapata moja kati ya hizo. Tofauti kabisa ni kusema kabla ya kuanza: "Mwalimu, naomba leo uniangalie bega la kulia tu, hasa tunapogeuka kushoto." Na baada ya mzunguko, kabla mwalimu hajasema neno: "Nilihisi nimelalia ndani nilipofika pembeni. Wewe umeonaje?" Hapo mwalimu hana njia ya kujibu "Vizuri" na kunyamaza. Tena mwanafunzi amelinganisha hisia yake na jicho la nje, na kila akilinganisha, hisia yake inakuwa ya kuaminika zaidi. Na ikiwa mwalimu atasema "legeza mgongo," yafaa aulizwe: nitajuaje kwamba umelegea? Farasi atafanya nini? Mwalimu mzuri atajibu kwa jambo linaloonekana, kwa mfano kwamba shingo ya farasi itashuka na hatua zake zitarefuka.

Sifa tupu na lawama tupu zina hatari zaidi ya kutokuwa na faida. Mwaka 1996 Kluger na DeNisi walikusanya vipimo 607 kutoka katika tafiti mbalimbali, wakakuta kwamba kwa wastani mrejesho husaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya vipimo hivyo uliishusha kazi ya mtu. Walieleza kwamba unazidi kupoteza nguvu kadiri unavyoielekeza akili kwa mtu mwenyewe badala ya kazi yake. "Wewe ni mwoga" humwelekeza mtu kujifikiria. "Ulishika pumzi pale farasi aliposhtuka" humwelekeza kwenye pumzi, na pumzi yaweza kurekebishwa.

Katika mashindano ya farasi ya kuonyesha mienendo iliyofunzwa, kila tendo hupewa alama kuanzia 0 hadi 10, na pembeni mwa jaji hukaa mwandishi anayeandika maoni mafupi. Mpandaji huondoka na karatasi ile. Alama ya 5 humwambia kwamba hakufanya vizuri, na maneno matatu yaliyo kando yake, "mviringo mdogo mno," humwambia la kufanya kesho. Nikikumbuka madaftari ya sekondari tunayoyaona vyuoni, yaliyojaa 4/10 na "Ongeza bidii," huona kwamba jaji yule ametushinda walimu wengi. Bidii ya kufanya nini? Mtoto aliyekosea kubadili alama ya kuondoa alipoihamisha namba upande wa pili wa mlinganyo hana upungufu wa bidii. Tena mwaka 1988 Ruth Butler, katika utafiti uliofanyika kwenye shule za Israel, aliona kwamba watoto waliopewa maoni peke yake waliendelea kufanya vizuri na kuipenda kazi, lakini maoni yaleyale yalipowekwa pamoja na alama, faida ilipotea. Najua hoja ya madarasa ya wanafunzi 60 au zaidi. Ndiyo maana nasema neno moja lililo wazi juu ya kosa moja, si kurasa nzima.

Shule isiyo na farasi yaweza kulipima jambo hili kwa rula, penseli na kitambaa cha kufungia macho. Wanafunzi wagawanywe katika vikundi vitano, kila mmoja achore mstari wa sentimita 10 bila kuona, mara 50. Kikundi cha kwanza kisiambiwe lolote. Cha pili kiambiwe "Jitahidi!" kila mara. Cha tatu kiambiwe "ndiyo" kosa likiwa ndani ya milimita 5, na "siyo" likizidi hapo. Cha nne kiambiwe kiasi na upande wa kosa, kwa mfano "umezidisha milimita 12." Cha tano kiambiwe vivyo hivyo, lakini kwa kila mstari wa pili tu. Siku inayofuata wote wachore mistari 20 bila kuambiwa neno. Makosa ya siku zote mbili yachorwe katika grafu moja, na kikundi cha nne kilinganishwe kwa makini na cha tano. Grafu hiyo ibandikwe mahali ambapo mwalimu ataiona anaposahihisha madaftari.